Viti Viwili, Hakuna Paa: Safari ya Mbwa kutoka Lusenda mpaka Baraka



Wiki hii zamu ya kuandika juu ya safari imenifikia mimi. Najua wengine walingoja niwaeleze Bukavu au Kigoma. Nitawaeleza safari fupi kuliko hizo, ile ambayo kila mmoja wetu ameshaifanya na bidoni za mawese au na mtoto mgonjwa mgongoni: kutoka hapa Lusenda mpaka Baraka. Tofauti ni kwamba mimi na jirani yangu tuliifanya tukiwa na mbwa wawili.

Wazo lilianzia darasani. Mwanafunzi mmoja alileta simu ya kaka yake, na ndani yake kulikuwa na picha kutoka Ulaya. Gari ya mbio, nyekundu, imelala chini karibu igusane na barabara. Viti viwili tu. Paa limefunuliwa. Dereva amevaa miwani, na kwenye kiti cha pili amekaa mbwa mkubwa kama waziri, mkanda kifuani, masikio yanapigwa na upepo. Watoto walicheka mpaka mmoja akaanguka chini ya meza. Kisha wakaanza kuuliza. Mwalimu, yule mbwa analipa? Akisikia njaa? Wakifika mpakani?

Swali la mpaka lilikuwa zuri kuliko yote, kwa hiyo nililijibu. Katika nchi za Umoja wa Ulaya mbwa anayevuka mpaka na mwenye wake ana kijitabu chake, kweli kabisa, kinaitwa pasipoti. Anawekwa chini ya ngozi kidude kidogo chenye namba. Anachomwa sindano ya kinga ya kichaa cha mbwa, na hawezi kuchomwa kabla ya kutimiza majuma 12. Kisha wanangoja siku 21 ndipo avuke. Na Uingereza, kitabu cha sheria za barabara kinataka mbwa afungwe vizuri ndani ya gari ili asimsumbue dereva wala asirushwe gari ikisimama ghafla. Niliposema pasipoti, darasa zima lilipiga kelele. Lakini watoto wawili watatu, wale ambao wazazi wao walivuka kutoka Burundi mwaka 2015 wakati kambi yetu ilipofunguliwa, hawakucheka sana. Nikabadilisha somo.

Jioni ile picha haikunitoka akilini, kwa sababu ilinifanya niione moto yetu kwa macho mengine (moto, ile ndugu zetu wa Kigoma wanayoita pikipiki). Viti viwili, hakuna paa. Vumbi mdomoni. Mwendo ambao dereva anaupenda kuliko abiria. Basi gari ya mbio tunayo hapa Lusenda, tena tunazo nyingi, zimejipanga kwenye njia panda tangu alfajiri. Na mbwa wanazipanda. Wanapanda vibaya, lakini wanapanda.

Fikirini mmeona nini barabarani mwezi huu. Mtoto wa mbwa ndani ya gunia la unga, gunia limefungwa juu kwa kamba, limening'inia kwenye usukani. Mbwa mzima amelazwa nyuma kama mbuzi wa soko, miguu minne imefungwa, mdomo umefungwa kwa mpira wa baiskeli. Mwingine ndani ya kikapu cha samaki. Wengine wanakuja kwa boti kutoka upande wa Ubwari, katikati ya magunia ya ndagala. Tunawanunua au tunapewa ili walinde lupango, walinde mihogo, wawinde panya. Mbwa wa hapa kwetu hazaliwi Lusenda na kufia Lusenda. Anasafiri. Na kila anaposafiri anabeba kitu fulani ndani ya mwili wake, iwe ni kinga au ni ugonjwa.

Sasa nieleze kilichotusukuma. Mtoto mmoja wa mwaka wa pili aliumwa mkono na mbwa mdogo aliyekuwa amefika siku mbili kabla, kutoka upande wa Uvira, ndani ya gunia juu ya moto. Hakuna aliyejua mama ya yule mbwa ni nani, wala kama kule alikotoka kulikuwa na mbwa waliokufa. Alama ilikuwa ndogo, meno mawili tu, damu kidogo. Bibi ya mtoto alitaka kupaka mafuta ya mawese. Mwingine alisema jiwe jeusi. Mama yake hakubishana na mtu. Alichukua sabuni ya kufulia na bidoni ya maji, akaosha kile kidonda bila kuacha, robo saa nzima. Mtoto analia, watu wanamwambia inatosha, yeye anaendelea kumwaga maji. Kisha alimbeba mpaka kituo cha afya siku ileile.

Wamama, yule mama alifanya kile ambacho waganga wenyewe wangefanya. Kichaa cha mbwa, ambacho waganga wetu wanakiita raji, kinakaa kwenye mate ya mnyama mgonjwa. Kinaingia kwa kidonda au kwa mkwaruzo, kisha kinapanda taratibu kwenye mishipa ya fahamu kuelekea kwenye ubongo. Safari hiyo inachukua mara nyingi miezi miwili au mitatu, pengine wiki moja tu, pengine mwaka. Wakati kingali njiani tunaweza kukizuia: sabuni na maji kwa dakika 15, halafu sindano za chanjo, na dawa nyingine ya kinga pale inapohitajika. Kikishafika ubongoni, mtu akaanza kuogopa maji na kushindwa kumeza, karibu hakuna anayepona, awe hapa au awe Paris. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 59,000 wanakufa hivyo kila mwaka duniani, karibu wote wa Asia na Afrika, karibu wote kwa mate ya mbwa. Na katika kila watu 10 wanaoumwa na mnyama anayeshukiwa, 4 ni watoto wasiofikisha miaka 15. Ni watoto kwa sababu wao ndio wanaocheza na mbwa, na kwa sababu mtoto anaogopa kusema kwamba ameumwa asije akachapwa. Tafadhali msiwachape.

Yule mbwa mdogo hakuuawa. Majirani walikuja na fimbo, lakini muuguzi alikuwa ametuma neno: afungwe, apewe chakula na maji, atazamwe siku 10. Maana mbwa ambaye mate yake yana raji hamalizi siku hizo akiwa mzima. Anabadilika, anatoa mate mengi, anauma mbao na mawe, taya linaanguka, anakufa. Ukimuua siku ya kwanza umeondoa hasira yako, lakini hujui lolote juu ya mtoto wako. Siku 10 zilipita. Mbwa alikula ugali wake kila jioni. Mama wa yule mtoto anajua peke yake jinsi alivyolala usiku zile kumi.

Kutoka hapo mimi na jirani yangu tulisema mbwa wetu hawatabaki bila sindano. Yeye ana jike anayeitwa Watasema. (Jina ni ujumbe kwa majirani, msiniulize.) Mimi nina dume mdogo, Kadogo, mwekundu, masikio yamesimama, mkia umejipinda juu ya mgongo kama kikombe. Tulipata habari kwamba munganga wa wanyama aliyeko Baraka amepata chanjo. Kumleta yeye huku kwa ajili ya mbwa wawili ni gharama. Kupeleka mbwa ni moto mbili.

Motari wa kwanza tuliyemwendea alitusikiliza kwa heshima, kisha akasema: Mama mwalimu, mimi ni Mwislamu. Mate ya mbwa kwangu ni najisi. Yakigusa nguo yangu au kiti changu, nitaosha mara saba, na mara moja katika hizo kwa udongo, na mimi niko kazini mpaka jioni. Hakutukana mtu, hakumdharau mbwa. Naliandika hili kwa sababu barabara yetu ina Waislamu wengi, na Baraka ndiyo zaidi, na kuna wamama wanaokasirika motari akikataa. Afadhali kuuliza kabla ya kumfikisha mbwa kwenye kiti. Yeye mwenyewe ndiye aliyetutafutia wenzake wawili wasio na shida hiyo, na akatushauri tutandike shitingi juu ya kiti, maana kesho yake abiria mwingine atakaa palepale.

Sasa namna ya kumpandisha. Hapa nitakaa kidogo.

Kwanza, gunia hapana. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Jasho lake liko kidogo tu kwenye nyayo. Anapoza mwili kwa kuhema, mdomo wazi, ulimi nje. Ukimtia ndani ya gunia kwenye jua la saa sita, au ukimfunga mdomo kwa mpira kwa saa nzima, umemfungia joto ndani. Mbwa wengi wanaofika wamekufa, na watu wakasema amelogwa njiani, wameuawa na kamba ya mdomo. Ni vilevile kwa taksi: mama mmoja aliniambia dereva alisimama kula, vioo vimefungwa, mbwa ndani. Gari likisimama juani, ndani ya dakika 10 joto linaweza kupanda digrii 10 hivi. Waliporudi walikuta mbwa amelala ubavu. Walimmwagia maji, akaamka, lakini mama yule hapandi tena na dereva yule.

Pili, kamba ya shingo hapana. Mbwa akiruka, na moto inakwenda, atanyongwa au atavuta watu wote chini. Jirani yangu alipasua kikwembe cha zamani vipande viwili virefu, akakipitisha kifuani mwa Watasema, chini ya kwapa za mbele, kikapishana mgongoni, kama tunavyofunga mtoto lakini kinyume. Ncha zake alizifunga kiunoni mwake mwenyewe. Kwa hiyo mbwa alikaa kati yake na motari, ubavu kwa ubavu na yeye, hawezi kuruka, hawezi kunyongwa. Kadogo yeye alikwenda ndani ya kikapu kipana kilichofungwa imara nyuma, wavu juu, kichwa kinaweza kutoka lakini mabega hayawezi. Chini tuliweka majani makavu na kitambaa chenye maji.

Tatu, bomba la moshi. Miguu ya mbwa inaning'inia upande uleule ambao sisi wenyewe tumeshaungua. Akiungua ataruka, na ataruka juu ya dereva. Kaeni naye upande wa pili.

Na tumbo liwe tupu. Hatukuwapa chakula tangu jana yake usiku, maji tu. Pamoja na hayo Kadogo alitapika mara moja, bila kelele, kwa adabu kuliko watoto wangu.

Tuliondoka saa kumi na mbili na nusu, jua linatoka nyuma ya milima ya Burundi ng'ambo. Ukishuka kwenda Baraka, ziwa liko mkono wa kushoto na milima mkono wa kuume, na barabara, ile namba 5 ya taifa inayotoka Lubumbashi mpaka Bukavu, imebanwa katikati kama mtu kati ya wake wawili. Kila mto mdogo unaotoka mlimani unaipita mahali unapotaka. Wakati wa mvua unapita juu. Sisi tulikwenda kiangazi, kwa hiyo shida yetu ilikuwa vumbi, na vumbi la Fuso linalokutangulia haliondoki mapema. Mbwa wa gari ya mbio wa Ulaya anatoa kichwa nje kwa raha. Wetu walitoa kichwa mara moja wakakirudisha. Jirani yangu alimfunika Watasema macho kwa kipande cha kitambaa, na ajabu, mbwa alitulia palepale, akaegemeza taya kwenye bega la motari. Yule kijana alicheka, akasema tangu aanze kazi hakuna abiria aliyemwamini hivyo.

Nilikuwa nyuma, namtazama Kadogo na mkia wake, nikakumbuka kitu nilichosoma zamani chuoni. Mbwa wa sura hiyo, masikio wima na mkia wa kupinda, mbwa wa misitu ya Kongo asiyebweka bali anaimba kama mtu anayeita ng'ambo ya bonde, wanajulikana dunia nzima. Wazungu wanawaita Basenji, na ndani ya jina hilo mnaweza kusikia neno letu lenyewe la kudharau watu wa porini, washenzi. Mwaka 1895 waliletwa London kwenye onyesho kubwa la mbwa linaloitwa Crufts, kama mbwa wa Kongo. Hawakukaa sana, waliuawa na ugonjwa wa mbwa wa kule ambao mwili wao haukuujua. Ilipita zaidi ya miaka 40, mpaka 1937, ndipo bibi mmoja Mwingereza, Olivia Burn, alipofaulu kuwafuga na kuwaonyesha watu. Leo wanauzwa ghali Ulaya na Marekani, wanapanda ndege na bila shaka magari ya mbio. Huku kwetu wawindaji wa milimani wanawafunga njuga shingoni ili wajulikane waliko, na tunamwita mbwa tu. Sina neno la kuongeza juu ya jina lile. Kadogo hajali.

Tulisimama mara tatu njiani. Mara moja kwa ajili ya yale matapishi. Mara moja Lweba, kuwapa maji kwenye sahani ya plastiki, na watoto hamsini wakatuzunguka. Mara moja kwenye bariera. Pale mtu aliyekuwa akikusanya franga aliwatazama mbwa, akatutazama, akauliza hao nao wanalipa ngapi. Jirani yangu hana woga. Akamwambia: Baba, hawa wanakwenda kuchomwa sindano ili wasikuume wewe siku ukipita kwetu. Watu walicheka, naye akacheka, kamba ikashushwa. Tulilipa ya kwetu wenyewe, kama kawaida.

Mlango wa Baraka unajulikana kwa harufu kabla ya macho: ndagala zinakauka juani. Ghuba pale imetulia, kwa sababu Ubwari imejinyoosha mbele yake kama mkono unaokinga taa isizimwe na upepo. Boti zilikuwa zinapakua, na ndani ya mojawapo, nawaambia kweli, mtoto wa mbwa mweusi amesimama juu ya magunia, amefungwa kamba ya katani shingoni. Nilimwuliza aliyemshika anampeleka wapi. Akasema milimani, kwa shemeji yake. Ziwa, mji, halafu mlima, katika siku mbili.

Pale ndipo nilipofikiri juu ya Pemba. Wengi mnaijua kwa karafuu, kisiwa kile cha upande wa Zanzibar. Kule walichanja mbwa kwa bidii mpaka mwaka 2014 kichaa cha mbwa kikaisha kabisa kisiwani. Mwaka 2016 kikarudi. Wachunguzi walipochungua virusi kwa undani waliona kwamba ugonjwa haukufufuka kutoka ardhini: uliingizwa kutoka nje, angalau mara mbili. Wakachanja tena, na 2018 ukaisha tena. Sasa, Pemba imezungukwa na bahari pande zote, na mbwa haogelei kutoka bara. Kuna mtu alimpandisha chomboni. Labda alikuwa mtu mwema anayempelekea shemeji yake zawadi, na mbwa alionekana mzima kabisa siku ile, maana ugonjwa ulikuwa bado njiani ndani ya mwili wake. Sisi hatuna bahari ya kutukinga. Tuna barabara namba 5, tuna boti, tuna kambi ambayo watu wake wanatembelewa na kutembelea, tuna soko kila juma.

Munganga wa wanyama alikuwa kijana, ana sanduku la plastiki lenye barafu na daftari. Alifurahi kuona mbwa wamefungwa kwa kikwembe, akaita msaidizi wake aje atazame. Sindano yenyewe haikuchukua muda wa kusema Baba Yetu. Watasema alilia kidogo. Kadogo alikuwa anamtazama kuku. Kila mmoja alipewa karatasi yenye jina, rangi na tarehe. Alituambia tusiwaoshe siku chache, tuwape maji mengi, tusihesabu kwamba wana kinga leo wala kesho, maana mwili unahitaji wiki kadhaa kuijenga, na ndiyo maana wale wa Ulaya wanangoja zile siku 21. Na kila mwaka warudi.

Nilimwuliza, sisi wawili tumefanya nini kati ya mbwa wote wa Lusenda? Hakunipaka mafuta. Alisema mbwa wawili wanalinda malupango mawili. Ili ugonjwa ukose njia katika kijiji, katika kila mbwa 10 inafaa 7 wawe wamechanjwa. Chini ya hapo unaendelea kupenya. Kisha akasema kitu ambacho ndicho kimenifanya niandike: wamama wakikubaliana, wakahesabu mbwa wa mtaa wao, wakampelekea orodha, yeye ataweza kuomba dawa za kutosha na kuja mwenyewe na sanduku lake. Moto moja ya kumleta yeye ni nafuu kuliko moto ishirini za kumpelekea mbwa.

Kurudi kulikuwa kugumu kuliko kwenda, kwa sababu ya jua. Tulingoja chini ya mwembe mpaka saa tisa. Kuna mama mmoja wa kambini tuliyemkuta pale, alikuwa anarudi kutoka hospitalini, akaomba kumshika Kadogo. Alimshika muda mrefu. Alisema usiku walipokimbia, mbwa wao aliwafuata mpaka majini, na ndani ya mtumbwi hakukuwa na nafasi hata ya sufuria. Akasema mbwa alisimama pale pale akitazama, hakubweka. Sikujua nimjibu nini. Jirani yangu akamwambia, mama, Watasema ana mimba, ukija mwezi wa pili nitakupa mmoja, lakini asiondoke kwangu kabla ya kuchomwa sindano. Yule mama akasema atakuja na kikwembe chake.

Basi hesabu imeanza. Upande wa chama, malupango yaliyo kati ya shule na ziwa tumepata mbwa 31, na wenye karatasi ni wawili. Upande wa juu, karibu na njia ya kambi, bado hakuna aliyepita. Anayeweza kupita Jumamosi asubuhi, na daftari na kalamu, anione baada ya ibada au aniachie neno shuleni. Muandike jina la mwenye mbwa, jike au dume, rangi, na kama ametoka mbali, mahali alikotoka. Wale wa boti msiwasahau. Na yeyote ambaye mtoto wake ameumwa au amekwaruzwa, hata kama ni jana, hata kama ni kidogo, asingoje hesabu: sabuni, maji, robo saa, kisha kituo cha afya.

Watasema amezaa watano. Mmoja ana masikio wima tayari.